Picha za Kutupa

Kreek, chak. Kreek, chak.

Ulikuwa mlio wa mkono wa kamera ukivutwa na kidole kikifyatua, mara mbili, bila mtu kukaa mbele ya lenzi. Kila mkanda mpya ulianza hivyo. Unafungua mgongo wa kamera, unapachika mkanda, unauvuta ulimi wake mpaka unase kwenye meno, unafunga. Halafu unafyatua mara mbili za bure, ili kile kipande kilichokwisha kuonja mwanga kipite na kilicho safi kije. Mafundi waliziita picha za kutupa. Hazikuwa na mteja wala namba, na hakuna aliyezitazama.

Mzee Tulia aliusikia mlio huo kwa miaka ishirini na mitano, kisha kamera za kisasa zikaja, ukakoma. Hakuuaga. Nani huaga mlio? Ila alasiri moja, akiwa peke yake studio, ameshika simu ambayo binti yake alikuwa ameshaikata zamani, aliusikia tena sikioni, waziwazi, kama mtu anayebisha mlango wa nyuma.

Simu yenyewe ilikuwa hivi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mjukuu wangu hajambo?"

"Hajambo, tena ndiye aliyenituma. Jana kaenda kucheza kwa jirani, kaona picha ya bibi yao ukutani. Karudi ananiuliza, bibi yangu mimi alikuwaje? Nikamwambia alikuwa mwembamba, mcheshi, ana maneno. Akaniambia, mimi sitaki uniambie, nataka kumwona."

Mzee alicheka. "Huyo ndiye bibi yake mwenyewe amerudi."

"Basi nitafutie moja, baba. Moja tu, ya uso."

"Nitakutafutia."

"Maana huku kwangu sina. Ile ya harusi yenu mama ameinama, unaona shela tu. Ya kitambulisho ndiyo usiseme, katoka kama mtu aliyeamshwa usingizini kuulizwa njia. Baba, wewe umepiga picha mji mzima. Kweli kabisa hatuna picha ya mama?"

"Zipo," alisema mzee. "Zitakuwapo."

Jina la Tulia alipewa na wateja. "Tulia," ndivyo alivyowaambia maharusi, askari, watoto wenye mafua na watu wazima wanaotoka jasho kwa kuogopa kamera. "Tulia hivyo hivyo." Aliwahi kumwambia hata jogoo aliyeletwa na mtu aliyetaka kupiga naye picha, na jogoo akatulia kuliko mwenyewe. Mkewe naye walimwita Mama Kitana, kwa sababu hakuna aliyekaa kwenye kiti cha studio ile bila kupitiwa na kitana chake. Alichana nywele za watu, akafunga vifungo, akanyoosha kola, akawafuta watoto udenda kwa upindo wa kanga. Kisha, mteja akishaondoka, aliingia chumba cha giza. Mume alipiga, mke alisafisha. Ndivyo walivyogawana kazi tangu mwanzo, kwa sababu mume alipojaribu kusafisha picha mwenyewe mkewe alimwambia, "Wewe una haraka ya mtu aliyeacha sufuria motoni. Nenda mbele ukaongee na watu."

Na kulikuwa na kazi ya tatu, ambayo ni yeye tu aliyeiweza. Alikaa dirishani na penseli iliyochongwa ikawa kama sindano, akazigusa negativu, vile vipande vya mkanda uliosafishwa, mahali palipokuwa na chunusi, kovu, mkunjo wa chini ya jicho. Nukta baada ya nukta. Mtu alikuja kuchukua picha yake akajiona amepumzika, na hakujua ni kwa nini.

Siku ile ya simu, mzee alifungua kompyuta na kuanza kutafuta. Alifungua mwaka mmoja baada ya mwingine. Nyuso za pasipoti zilipita, masikio yote mawili yakionekana kama inavyotakiwa. Zikapita harusi, mahafali, watoto wa shule wamepangwa kwa urefu. Kabla hajafika nusu alikuwa ameshajua. Aliendelea tu ili asije akasema hakutafuta.

Hakukuwa na hata moja. Na aliyezifuta ni yeye.

Kamera ya kwanza ya kisasa ilipofika, Mama Kitana alipendezwa na kitu kimoja tu, kile kioo kidogo cha nyuma. Mumewe alimpiga picha ya kujaribia, naye mke akaja kuchungulia begani kwake.

"Mungu wangu, huyo ni mimi?"

"Ni wewe. Umetoka vizuri."

"Nimetoka kama chura aliyekanyagwa. Futa hiyo."

"Aa, mke wangu..."

"Futa, bwana. Si wamesema inafutika? Futa nione."

Akafuta, wakacheka. Tangu hapo ukawa mchezo wao. Alimvizia akinywa chai, akisoma barua, akibishana na kinyozi wa mlango wa pili. Yeye akisikia tu kamera imelia, alinyoosha mkono. "Lete. Futa." Mtu aliyekaa miaka mingi na penseli mkononi hadanganyiki na uso. Alilijua jino lake lililokaa upande, alilijua doa chini ya jicho la kushoto, alijua pua imeegemea wapi. Nyuso za watu alizisamehe nukta kwa nukta. Wake hakuupa nafasi hiyo.

Mara ya mwisho alikuwa anaumwa. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja ili mumewe apime mwanga, kwa sababu mteja alikuwa njiani na yeye hakutaka kulala nyumbani. Mzee alifyatua. Mkewe akanyoosha mkono, ule mkono uliokuwa umekuwa mwepesi, akatazama kioo kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Nimekonda," alisema. "Futa."

Alitaka kukataa. Lakini mgonjwa habishaniwi kwa jambo dogo, na siku hiyo lilionekana dogo. Kidole gumba kikabonyeza. Kamera ikamuuliza, kama inavyomuuliza kila mtu, kama ana hakika. Akajibu ndiyo.

Huo ulikuwa mwaka jana, na alifariki kabla mjukuu hajaletwa kutoka mbali amwone.

Alizima kompyuta, akavuta kiti, akapanda, akaishusha kamera ya zamani kutoka rafu ya juu kabisa, ndani ya mkoba wake wa ngozi. Hakuwa na mpango wowote. Alitaka kushika kitu ndani ya chumba kile ambacho hakikujua kufuta. Kwenye droo ya penseli za mkewe alikuta mkanda mmoja, umepita tarehe yake kwa miaka tisa. Alifunga kamera juu ya stendi yake ya zamani, akafungua mgongo, na vidole vikafanya kazi bila kumuuliza. Kreek, chak. Kreek, chak. Mlio ulijaa chumba. Kisha chumba kikarudi kuwa kitupu zaidi ya mwanzo.

Kuanzia kesho yake alitembea na kamera ile shingoni. Asubuhi alipiga picha moja, pengine mbili. Alipiga benchi la nje ambalo mkewe alilikalia akinywa chai, alipiga dimbwi la mvua mbele ya duka la vitambaa, alipiga vikombe viwili vya nyumbani vikikaushwa juu ya kitambaa. Vikombe hivyo alivitumia kwa zamu, kimoja leo na kingine kesho, ili kisiwepo cha kujiona kimeachwa. Hilo hakuwa amemwambia mtu.

Kinyozi wa mlango wa pili ndiye aliyemshtukia kwanza. Alikuwa amesimama mlangoni pake, mashine mkononi, akisubiri wateja, mzee akampiga picha. Kisha mzee akaigeuza kamera nyuma, akaitazama, akairudisha.

"Mzee Tulia, hapo nyuma unaangalia nini? Si ngozi tupu hiyo?"

"Mazoea," alisema mzee, akaona haya.

"Haya, nionyeshe nimetokaje."

"Subiri."

"Nisubiri mpaka lini?"

"Mpaka mkanda uishe."

"Umebakisha ngapi?"

"Thelathini na moja."

"Haki ya Mungu! Si nitakuwa nimeshaota upara?"

"Ndiyo vizuri. Kinyozi mwenye upara, wateja watakuja hata kukupa pole."

Kinyozi alicheka mpaka akashika mlango. Halafu akamtazama vizuri, akashusha sauti. "Lakini mzee wangu, uko salama? Siku hizi nakuona unaongea kidogo."

"Niongee na nani?" alisema Mzee Tulia, na kwa kuwa ilitoka vibaya kuliko alivyokusudia, akaongeza, "Nyoosha shingo. Tulia hivyo hivyo." Akampiga ya pili.

Mkanda uliisha baada ya wiki tatu. Chumba cha giza kilikuwa kimegeuzwa stoo tangu enzi za kompyuta. Alitoa miavuli ya taa iliyovunjika, fremu zisizo na vioo, pazia la maporomoko ya maji ambalo wateja walilipenda sana mpaka wakalichoka. Chini ya meza alikuta makopo ya dawa ya unga, kila moja limefungwa kwa mpira na kuandikwa kwa penseli na mkewe, kipimo cha maji na joto lake. Alichanganya kama alivyoambiwa. Alizima taa, akaupitisha mkanda kwenye gurudumu lake kwa kupapasa, akaufunga ndani ya kopo, akatikisa kwa kufuata saa.

"Mzee!" kinyozi alipiga kelele kutoka upande wa pili wa ukuta. "Unapika nini humo? Mteja wangu anasema ananusa siki!"

"Mwambie ni manukato!"

"Anasema hataki kunyolewa kwenye manukato hayo!"

Aliutoa mkanda, akauosha, akauning'iniza kwa kibanio cha nguo. Ulikuwa na ukungu wa uzee, lakini picha zilikuwamo: dimbwi, benchi, kinyozi na shingo yake. Aliufuata kwa jicho kutoka mwisho kwenda mwanzo, mpaka akafika kule ambako fundi huwa haangalii, kabla ya namba moja. Kulikuwa na sehemu iliyoungua kwa mwanga, nyeusi tii. Kisha, weusi ulipokomea, kulikuwa na nusu ya picha. Kiti cha wateja. Kitupu.

Alisimama maji ya mkanda yakimdondokea kiatuni.

Aliweka mkanda ule kamera ikiwa juu ya stendi, pale ilipokuwa miaka yote, ikitazama kiti kilipokuwa miaka yote. Na miaka yote ile, kila alipofyatua zile mbili za bure, hakuwahi kujiuliza lenzi inaona nini. Yeye alikuwa anawaza mteja anayekuja. Lakini aliyekuwa kwenye kiti kile, au kando yake, akimsubiri yeye amalize, ni nani?

Mama Kitana hakutupa kitu. Kila mkanda aliukata vipande vya picha sita sita, akavitia kwenye mfuko wa karatasi na kuandika tarehe. Kile kichwa cha mkanda, kifupi, chenye picha moja na nusu iliyoungua, nacho alikitia humo humo. Mumewe alimwambia zaidi ya mara moja, "Hivyo vya mwanzo si utupe?" Naye alijibu, "Kwani vinakula nini?"

Maboksi yalikuwa kumi na manane. Mzee aliyapanga chini ya dirisha, akawasha lile sanduku la kioo cheupe chenye taa ndani, akaanza na la kwanza.

Alimwona siku hiyo hiyo. Hakuwa mzima. Alikuwa kiwiko, kikiingia kutoka pembeni mwa weusi. Katika mkanda uliofuata alikuwa mgongo wa gauni la maua, na mkono mmoja juu, unafukuza nzi. Halafu shingo, ameinama kumfunga mtoto kamba za viatu. Mguu usio na ndala. Mkono umeshika kitana, kitana chenyewe kimeungua nusu. Boksi la sita kulikuwa na tumbo, tumbo tu, kubwa, na mikono miwili imepumzika juu yake. Mzee akasoma tarehe na kuhesabu miezi, akaona kuwa binti yake naye yumo, anasubiri kama wateja wengine.

Uso haukuwapo. Kila mara alikuwa ameugeuzia upande wa aliyekuwa anatengenezwa. Wiki nzima mzee alifunga duka mapema, akakaa mbele ya kioo kile, na kufikia Alhamisi alijikuta anawaonea wivu wateja, watu ambao wengine wameshakufa, kwa namna walivyotazamwa. Yeye alipewa mgongo. Miaka ishirini na mitano alifyatua kuelekea kwa mke wake bila kumtazama, na mke wake alikuwa anatazama kwingine.

Binti alituma ujumbe: mtoto anauliza. Mzee akajibu, natafuta.

Ijumaa jioni, boksi la kumi na mbili, alichomoa kichwa cha mkanda akakilaza juu ya mwanga, na mtu akamtazama.

Alisogeza kioo cha kukuzia, kisha akakiondoa, akafuta macho, akakirudisha. Upande wa kushoto ulikuwa umeliwa na mwanga, sikio na bega vimekwenda nao. Kilichobaki kilitosha. Alikuwa amekaa yeye mwenyewe kwenye kiti cha wateja, pengine mteja alikuwa amechelewa, na alikuwa anajichana. Upande mmoja wa nywele ulikuwa umelala, mwingine umesimama. Penseli aliibana kwa meno ya pembeni. Alikuwa anacheka, macho nusu yamefumba, na jino lililokaa upande lilionekana lote. Kwa vyovyote vile, ingekuwa kwenye kioo cha kamera ya kisasa isingedumu hata dakika.

Negativu hugeuza kila kitu. Meno yake yalikuwa meusi, na nywele zake, nyeusi kama alivyokuwa nazo siku zile, zilikuwa nyeupe pe. Mzee alimtazama. Hakuwahi kumwona na mvi nyingi hivyo, hakuishi kuzipata. Sasa alikuwa bibi wa mtu.

Kumwona kwenye negativu ni jambo moja, kumleta kwenye karatasi ni jingine, na karatasi ilikuwa kazi ya Mama Kitana. Kwenye rafu ya chini ya chumba cha giza kulikuwa na pakiti moja ya karatasi za picha, ndani ya mfuko mweusi, ndani ya boksi. Juu ya boksi aliandika, kwa penseli: *Usifungue ukiwa na haraka.* Mzee alijua maneno yale yalimlenga nani. Alisubiri mpaka Jumapili mchana, mtaa ulipokuwa umetulia na kinyozi hajafungua.

Aliwasha taa nyekundu. Alimimina dawa kwenye trei tatu. Ndani ya pakiti, kwa kupapasa pembe zake, kulikuwa na karatasi sita.

Ya kwanza ilitoka nyeusi yote, uso umezama. Alipunguza mwanga. Ya pili ilitoka kama moshi, pana dalili ya mtu lakini hujui ni nani. Alikumbuka alivyomwona mkewe kupitia mlango, siku alizoruhusiwa kusimama hapo: mikono yake ndani ya ule mwanga wa mashine ya kukuzia, akiipitisha juu ya karatasi bila kuigusa, kama anayeota moto, akizuia hapa na kuruhusu pale. Sasa alianza kuelewa ilikuwa inafanya nini. Akavuta pumzi, akafungua pakiti, akainama kuchukua ya tatu.

Mfuko wa shati ukawaka.

Hata hakuelewa mara moja. Chumba kile kilipokuwa kikitumika, mtu hakutembea na taa kifuani. Mwanga mweupe wa simu ulipenya kitambaa, ukamwagika juu ya karatasi zilizokuwa wazi mikononi mwake, na jina la binti yake likawa linacheza juu ya moyo wake huku simu ikitetemeka. Aliipiga kofi. Alifunga pakiti. Vyote viwili alivifanya kwa kuchelewa.

Alitoka nje, akafunga mlango, akapokea.

"Baba! Umempata?"

"Nimempata mama yako."

"Kweli? Wa uso?"

"Wa uso."

"Nitumie sasa hivi, baba, mtoto yuko hapa ananivuta nguo."

"Bado yuko ndani."

"Ndani wapi?"

"Kwenye giza."

Binti aliongea taratibu, kwa sauti ile watoto wanayoitumia kwa wazazi wao siku wanapoanza kuwaogopea. "Baba, uko sawa? Umekula leo?"

"Nimekula," alisema mzee, ambaye hakuwa amekula. "Mwambie mjukuu wangu bibi anakuja. Atulie."

Aliiweka simu juu ya kaunta ya mbele, kifudifudi. Akasimama katikati ya studio, kati ya stendi na kiti. Karatasi nne zimeonja mwanga. Karatasi kama hizo hazikuwa zikiuzwa tena mjini. Duka lililoziuza sasa liliuza viatu. Kumtumia binti yake picha ya simu ya negativu ile, yenye meno meusi, ili mtoto aote ndoto mbaya? Aliketi. Alikalia kiti cha wateja, kwa mara ya kwanza tangu alipomiliki studio, na akaona kamera inavyoonekana kutoka pale, na nyuma yake mahali ambapo yeye husimama. Ndivyo alivyokuwa akionekana, basi. Mtu ameinamia mashine, hana uso.

Akiwa pale akakumbuka siku moja ya zamani. Yeye mwenyewe aliufungua mlango wa chumba cha giza bila kubisha, kwa haraka zake, mkewe pakiti iko wazi. Alijitayarisha kutukanwa. Mama Kitana hakumtukana. Alifunga mlango, akazitoa karatasi za juu akaziweka kando, akachomoa iliyokuwa chini kabisa. "Wenzake wamemfunika huyu," alisema. "Ameungua kingo tu." Na picha ya mteja ilitoka.

Mzee aliinuka.

Ndani, kwenye wekundu, alihesabu kwa ncha za vidole. Moja, mbili, tatu, akaziweka kando. Ya nne, ya chini, akaishika kama anayeshika yai. Aliilaza chini ya mashine. Kwa miaka mingi alimsikia mkewe kupitia mlango ule akihesabu sekunde kwa mdomo, wala si haraka, na kila tano akivuta pumzi kidogo kabla ya sita. Mzee hakuhesabu kwa mwendo wake. Alihesabu kwa mwendo ule. Moja. Mbili. Mkono wake ukaingia kwenye mwanga, ukakinga shavu. Tatu. Nne. Ukatoka, ukarudi kwenye nywele. Tano. Pumzi. Sita.

Aliitia karatasi kwenye trei ya kwanza, akaikandamiza chini ya dawa, akatikisa trei kidogo kidogo kwa pembe.

Kwa muda hakukuwa na kitu.

Kingo ndizo zilizoanza, zikajiwekea weusi zenyewe pande zote, zile zilizoonja mwanga wa simu. Halafu penseli, mstari mmoja uliokwenda upande. Halafu nywele, upande uliochanwa na upande uliosimama. Upande wa kushoto ulibaki mweupe, ule ulioliwa na mwanga wa siku ile ya zamani, kama vile mtu ameegemea dirisha. Kisha macho, nusu yamefumba. Jino la upande lilifika mwisho, na lilipofika alikuwa yeye, hakuna mwingine, anacheka na kumtazama mumewe moja kwa moja, mumewe ambaye siku hiyo alikuwa anaangalia kama mkanda umenasa.

Aliivusha trei ya pili, akaivusha ya tatu, ile inayoishika picha isibadilike tena. Aliinama juu yake. Nje, simu ilianza kutetemeka juu ya mbao za kaunta, ikanyamaza, ikaanza tena. Hakwenda. Zilibaki dakika chache kabla ya kuwasha taa, na dakika hizo hakutaka kugawana na mtu.

Maji yalipita juu ya uso wake, ukawa kama unataka kusema neno, na mzee alilijua neno lenyewe. Alilisikia kwa sauti yake kabisa, na ile "bwana" ya mwisho, na mkono ukinyooshwa.

Alizishika kingo za trei kwa mikono miwili.

"Safari hii sifuti, mke wangu," alisema, polepole sana. "Tulia hivyo hivyo."